Safari Bila Wapagazi

Fungua kamusi yoyote ya Kiingereza kwenye herufi S, utalikuta neno safari. Limeandikwa vilevile tunavyoliandika sisi, herufi zote sita mahali pake. Mtoto wa shule wa Manchester analijua. Mstaafu wa Texas analijua. Muulize yeyote kati yao maana yake, atakutajia simba, gari linalofunguka paa, kofia pana na darubini. Muulize mama yangu kule Tabora, naye atakuuliza: safari ya wapi, mwanangu, na watoto unamwachia nani?

Mimi ni dereva wa watalii, Arusha. Kazi yangu ni kupokea wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kuwapeleka Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, na kuwarudisha salama. Kwa hiyo kila siku naishi katikati ya maana hizo mbili, ya mgeni na ya mama. Wageni huniuliza neno hili limetoka wapi, na vijitabu vya hotelini vimeshawapa jibu la mstari mmoja: ni Kiswahili, maana yake ni mwendo wa mbali. Jibu hilo ni kweli, ila limeacha watu wengi nyuma, na baadhi yao ni wazee wangu. Mimi ni Mnyamwezi, na ukoo wetu ulipagaa.

Kiswahili chenyewe kililipata neno hili kutoka Kiarabu. Waarabu wana safar, mwendo wa kutoka mahali kwenda mahali, na wana musafir, ambaye huku pwani akawa msafiri. Likishatua kwetu neno likazaa: kusafiri, kusafirisha, usafiri, msafara. Tukalipa na kazi za nyumbani. Tunasema "safari hii hatukubali" hali hakuna anayekwenda popote, maana yake mara hii. Tunasema mtu amefunga safari, na mimi naamini ni kwa sababu zamani mwendo ulianza kwa kufunga mizigo kwa kamba. Wazee walisema msafiri kafiri, kwamba aliye njiani hawezi kushika taratibu zote za nyumbani kwake. Ofisini tunaomba masurufu ya safari. Msibani tunasema marehemu amekwenda safari yake ya mwisho. Katika matumizi yote hayo hutamwona mnyama hata mmoja.

Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, simulizi zilizotolewa na Waswahili wenyewe. Mmoja wao, Salim bin Abakari, anasimulia jinsi alivyofuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia. Amekwenda kwenye nchi ya barafu, na kwake hiyo ni safari sawasawa na ya yule mwenzake anayesimulia kwenda Udoe na Uzigua. Kila nikikutana na mgeni anayedhani neno hili lilizaliwa porini, huwa namkumbuka Salim wa Siberia.

Lakini katika karne ya 19 neno lilikuwa na uzito mwingine pia, nao ndio ninaotaka tukae nao kidogo. Safari ilikuwa mwendo, na ilikuwa vilevile kundi zima la watu waliokuwa kwenye mwendo huo. Safari iliwasili. Safari ilipiga kambi. Safari ilikosa maji. Watu mia mbili, mia tano, wakati mwingine zaidi ya elfu, wakifuatana kwenye kijia chembamba kutoka pwani ya Bagamoyo, kupita Usagara na Ugogo hadi Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, na kutoka hapo hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika.

Njia hiyo hawakuifungua wageni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi wenyewe walianza kuteremka pwani na pembe za ndovu, na ndipo wafanyabiashara wa Unguja walipofuata nyayo zao kuingia bara. Pembe ziliposhuka pwani zilikwenda mbali mno: nyingi ziliishia kuwa vibonyezo vya piano katika viwanda vya Connecticut, Marekani. Kutoka pwani kwenda bara zilipanda nguo za merikani, ambazo jina lake linasema zilikotoka, pamoja na shanga na masango ya shaba. Vyote hivyo, kwenda na kurudi, vilipita juu ya mabega ya watu. Mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe, punda na farasi, hivyo mnyama wa kubebea mizigo hakuweza kutegemewa. Mtu ndiye aliyebeba.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32. Nitaeleza kilo 32 ni nini, kwa sababu kwenye karatasi namba hii ni nyepesi. Nyuma ya gari langu nina dumu la maji la lita 20. Siku moja tulikuwa getini Naabi, tunangoja vibali vya kuingia Serengeti, na mgeni wangu mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa mwalimu kwao, akaniuliza habari za wapagazi. Nilimshushia lile dumu, nikamwambia ainue. Aliinua kwa mikono miwili, akatembea nalo hatua chache kwenye changarawe, akaliweka chini. Nikamwambia ongeza nusu ya hilo. Kisha weka juu yake mkeka wako wa kulalia, chungu chako, silaha yako na chakula chako. Kisha tembea kutoka alfajiri mpaka jua linapokuwa kali, kesho tena, kesho kutwa tena, kwa miezi. Alinyamaza, halafu akaniuliza: "Na walilipwa?"

Hilo ndilo swali, na watu wengi, hata huku kwetu, wanalijibu vibaya. Wanadhani kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Ni kweli, na lazima isemwe wazi, kwamba njia hizo hizo zilipitisha watu waliofungwa minyororo, waliotekwa makwao na kwenda kuuzwa, na wengine walibebeshwa pembe kabla ya kuuzwa wao wenyewe. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru. Walipatana ujira kabla ya kuondoka. Walijua kazi, walijua njia, walijua bei. Bwana akivunja ahadi au akiwapunja posho, waliweka mizigo chini na kukataa kuondoka, au walitoroka usiku wakamwacha na robota zake za nguo porini. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko kuhusu wapagazi "wakaidi". Mimi nikivisoma naona wafanyakazi waliokuwa wakidai haki yao.

Na posho hiyo tunayoidai leo kwenye semina na vikao, asili yake ni hapo. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mtu wa safari, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka. Nchini Uganda neno hilo limebaki kwenye sahani, maana posho kwao ndio ugali wenyewe. Kwetu limehamia kwenye bahasha.

Safari ilikuwa na mpangilio wake. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, amejipamba, na bendera nyekundu ya Sultani karibu yake. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Baragumu lilipigwa, ngoma ikafuata. Nyuma yake wabeba pembe, wenye nguvu na heshima kuliko wote, kisha wabeba nguo na shanga, kisha wenye mizigo midogo. Palikuwa na wanyapara na askari. Palikuwa na wanawake, wake wa wapagazi, na masufuria na watoto wao, na jioni ndio waliosonga ugali. Waandishi wa wakati ule wanasema katika Unyamwezi kijana ambaye hajafika pwani alikuwa bado hajahesabiwa kuwa mwanamume kamili. Nyumbani kwetu hadithi hiyo ilisimuliwa na bibi kama jambo la kawaida, jinsi leo watu wanavyosimulia nani alikwenda jeshini. Hata utani wetu na watu wa pwani, ule wa kutaniana mpaka msibani, wazee wanasema ulikomaa kwenye njia hizo, watu walipolazimika kuaminiana maji na moto.

Hapo ndipo Kiingereza kililikuta neno. Mwaka 1857 mwezi wa Juni, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani kwenda kutafuta maziwa makuu. Walifika Tabora mwezi wa Novemba, na Ujiji mwezi wa Februari mwaka uliofuata. Burton alikuwa msomi wa Kiarabu, alikuwa amekwenda hadi Makka mwaka 1853 amejificha katika mavazi ya Kiislamu, kwa hiyo neno safari halikumpa taabu. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu maziwa ya Afrika ya Kati analitumia na kulieleza, naye ni miongoni mwa wa kwanza kuliingiza katika maandishi ya Kiingereza. Kwake neno bado lilikuwa na miguu. Anaandika kurasa nyingi juu ya wapagazi, mizigo yao, magomvi yao na mwendo wao. Hakuwapenda, na maneno yake mengi kuwahusu yanachoma, lakini aliwaona.

Aliyewaongoza Burton na Speke katika mengi alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Natamani kila mtoto wa Tanzania alijue jina hili kabla hajalijua la Burton. Alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari hadi India, na bwana wake alipokufa akawa huru na kurudi Unguja. Alikwenda na Burton na Speke hadi Tanganyika. Alikwenda na Speke na msafiri mwingine, Grant, hadi Mto Nile. Alikwenda na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871 kumtafuta mmisionari Livingstone. Alikwenda na Mwingereza Cameron kutoka Bagamoyo mwaka 1873, na mwaka 1875 wakatokea upande wa pili wa Afrika, kwenye Bahari ya Atlantiki. Ukijumlisha miguu yake, ni wachache sana wa zama zake waliotembea Afrika kama yeye. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Na wapo Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. David Livingstone alipofariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, watu wake wangeweza kumzika hapo na kurudi makwao. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, na safari nzima ikatembea nao kwa miezi, zaidi ya kilomita 1,500, hadi Bagamoyo, ambako waliwasili Februari 1874. Mnara wa kanisa la wamisionari wa Bagamoyo, ulipolala mwili huo, bado umesimama. Livingstone akazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili kwa heshima zote. Katika wote waliombeba, aliyekuwepo kanisani siku ile ni Jacob Wainwright peke yake. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yamekwisha.

Kilichovunja safari za wapagazi ni reli. Reli ya Uganda ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilibeba mizigo ya mamia ya watu, likamaliza kwa siku mbili kazi ya miezi. Biashara ikahama njia. Neno lingeweza kubaki na Kiswahili chake na kusahaulika na Kiingereza, kama yalivyosahaulika mengine waliyoyaandika akina Burton. Kilicholiokoa neno, na wakati huohuo kuligeuza, ni uwindaji.

Tarehe 21 Aprili 1909 Theodore Roosevelt alishuka Mombasa, wiki chache tu baada ya kumaliza urais wa Marekani. Alikuwa na mwanawe Kermit na wataalamu wa viumbe wa taasisi ya Smithsonian, nao walikuja kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Zaidi ya wapagazi 200 waliwekwa kazini. Palikuwa na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, na hiyo chumvi nayo ilikuwa na watu wa kuibeba. Na palikuwa na mzigo mmoja ambao siuachi kuuwaza: Roosevelt alipenda kusoma, kwa hiyo alikuja na vitabu vipatavyo 60, vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, damu na mvua, vikapangwa ndani ya sanduku la alumini lililopimwa lisizidi mzigo wa mtu mmoja. Kwa hiyo yupo mtu, wa Ukamba au wa pwani au wa kwetu Unyamwezi, aliyeamka kila asubuhi katika nyika ya Kenya na kujitwika Shakespeare, Homer na Biblia.

Roosevelt na mwanawe walipiga wanyama 512. Magazeti ya Marekani yalifuatilia kila hatua, na kitabu chake kikatoka mwaka 1910. Tangu hapo safari likawa neno la Wamarekani wa kawaida, watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Burton. Lakini angalia lilivyofika kwao: mbele kabisa yupo bwana mwenye bunduki, kando yake simba aliyelala, na wapagazi ni mstari mdogo nyuma kwenye picha.

Miaka michache baadaye vita vya kwanza vya dunia vikaingia Afrika Mashariki, na wapagazi wakahitajika tena, safari hii kwa nguvu. Majeshi ya pande zote yaliwachukua kwa mamia ya maelfu kubeba risasi, mizinga na chakula. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kiingereza kiliwapa jina la kijeshi, Carrier Corps, yaani kikosi cha wabebaji, na jina hilo likapita midomoni mwetu na kuwa Kariakoo, mahali walipokuwa wamepigiwa kambi Dar es Salaam. Kila anayekwenda Kariakoo kununua kitenge au simu anawataja bila kujua. Nairobi nao wana Kariokor yao, na pale katikati ya jiji wana sanamu ya ukumbusho ambayo naipenda kuliko zote za vita hivyo, kwa sababu pembeni ya askari amesimamishwa mpagazi.

Baada ya vita yakaja malori. Kufikia miaka ya 1930, tajiri aliyekuja kuwinda alipandishwa gari, na hema zake zikapandishwa jingine. Mwandishi Ernest Hemingway alikuja Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1933, akawinda, na mwaka 1935 akatoa kitabu kuhusu mwendo huo. Humo wapo madereva, wabeba bunduki na wapishi. Ile safu ndefu ya watu haipo tena. Neno likawa limepoteza miguu yake, likabaki na magurudumu, bunduki na wanyama.

Kisha bunduki nayo ikaanza kupungua. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwetu Tanzania uwindaji wa kitalii bado upo katika mapori yake, lakini mgeni ninayempokea mimi amebeba kamera. Simlaumu kwa lolote. Huyu wa kamera ananifurahisha. Anamwacha simba pale alipomkuta.

Yaliyofuata niyapitie haraka, maana ni mengi na mepesi. Mwaka 1962 bendi ya Beach Boys ya California ilitoa wimbo na albamu inayoimba safari ya kuteleza kwenye mawimbi. Mwaka 1966 bwana mmoja wa ukoo wa kikabaila alifungua shamba lake la Longleat, Uingereza, akaweka simba watu wawaangalie wakiwa ndani ya magari yao. Mwaka 1968 Yves Saint Laurent alishona koti la safari kwa ajili ya wanawake wa Paris, mifuko minne na mkanda. Ndugu yake wa karibu ni ile suti ya Kaunda waliyoivaa viongozi wetu. Mwaka 2003 kampuni ya Apple iliita kisakuzi chake cha intaneti Safari. Wanorwe wana safari za nyangumi, na za kumtafuta aina ya kulungu mkubwa wa misitu yao ya baridi. Kiingereza kinawaita hata siafu wetu sisimizi wa safari, na hapo nakubaliana nao, maana siafu kwenye mstari wao wanafanana na msafara wa zamani kuliko gari langu.

Dubai kuna jambo la ajabu zaidi. Ukienda kule utauziwa safari ya jangwani: gari linapanda na kushuka vilima vya mchanga, jioni mnakula nyama ya kuchoma. Na Waarabu wenyewe katika matangazo yao wanaiandika safari, kwa herufi zao, kama neno la kigeni, hali safar yao ya asili wanayo bado. Mtoto aliondoka Arabuni, akalelewa pwani yetu, akasomeshwa Uingereza na Marekani, akarudi kwao na mwenyeji hakumtambua.

Kuna nafasi chache ambapo Kiingereza kilibaki na maana ya mama yangu. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth yaliitwa safari, na kweli ilikuwa safari: Kenya, Uganda na Tanganyika, tope la masika, madaraja yaliyosombwa, wanakijiji wakisukuma magari. Hakuna aliyekwenda kutazama twiga.

Na sisi tuliomo ndani ya kazi hii tunasemaje? Hapa Arusha mtu wa utalii akikuaga hasemi ana safari. Anasema ana tripu. "Nina tripu ya siku tano, nikirudi tutaonana." Kuzunguka kutazama wanyama tunaita gemu draivu. Wageni wamechukua neno letu, nasi tumeazima lao, na kila upande unalitumia kwa kazi ileile. Lakini ukienda stendi ukamsikia kondakta anapiga debe safari ya Babati, safari ya Singida, hapo utalisikia neno likiwa na maana yake kamili, mwenye gunia na mwenye mtoto mgongoni wote ndani.

Jambo linalonikera, na ndilo lililonifanya niandike, ni hili. Mgeni wa siku hizi hununua likizo ya sehemu mbili. Kwanza anapanda Mlima Kilimanjaro, siku sita, saba au nane. Kisha anashuka, anapumzika usiku mmoja Moshi au Arusha, na kesho yake mimi namchukua kwenda mbugani siku nne. Katika karatasi yake sehemu ya kwanza imeandikwa kupanda mlima. Ya pili ndiyo imeandikwa safari. Sasa tazama. Kule mlimani kuna kiongozi anayetangulia, kuna wasaidizi wake, kuna mpishi, kuna safu ya vijana wamejitwika mahema, mitungi ya gesi, viti, meza na mabegi ya wageni, wanaondoka kambini mwisho na kufika kambi inayofuata mwanzo, wanalala kwenye mahema ya pamoja, wanakula ugali wao kando. Huku kwangu kuna watu wanne wamekaa kwenye viti, na mimi nashika usukani. Ile ambayo Bombay angeitambua mara moja kuwa safari ni ile ya mlimani, na ndiyo iliyonyang'anywa jina.

Wapagazi wa mlimani tunawaita wagumu, na wenyewe wanajiita hivyo. Asubuhi kwenye geti la Machame utawakuta wengi wamesimama nje wakingoja kuitwa, kwa sababu kazi haina uhakika wa kesho. Ukiitwa, mzigo wako unapimwa. Sheria ya hifadhi inasema mzigo wa kampuni usizidi kilo 20 kwa mtu, na mizani ipo pale getini, watu wanapanga foleni na kuning'iniza mabegi. Ni kilo 12 pungufu kuliko alizobeba babu wa bibi yangu, na pungufu hiyo ilidaiwa, haikuja yenyewe. Lakini bado wapo wanaopima vizuri getini na kuongeza mzigo wakishapita, na wapo wanaochelewesha ujira au kuukata hadi mgumu anamaliza mlima mzima kwa kutegemea bakshishi. Nimewasikia vijana wakilisimulia hili wakiwa na miguu imevimba, na halivumiliki.

Ndiyo maana wageni wanaponishukia kutoka mlimani, wamechoka na kufurahi, wakaniambia sasa wako tayari kuanza safari, huwa nawaambia kwanza wametoka wapi. Nawaeleza kirangozi na baragumu, frasila mbili na kibaba kimoja, Tabora na Bagamoyo. Nawauliza kama wanawajua kwa majina waliowabebea hema. Wengi wanalijua la kiongozi na la mhudumu aliyewaletea chai. Wengine wanatoa simu na kunionyesha picha ya pamoja iliyopigwa siku ya mwisho, wananiomba nisaidie. Tunampigia kiongozi wao wa mlima, anawataja kwa majina mmoja mmoja, nami nayaandika nyuma ya ramani: mpishi, mbeba mahema, mbeba gesi, mbeba viti, mpaka wa mwisho kabisa kwenye safu.